Mnauliza, Tunajibu: Picha Zinazotafuta Moto Mwilini

Maswali mengi yaliyotufikia safari hii yana mzizi mmoja: picha imepigwa, majibu yametoka, na mgonjwa hajui aamini nini. Eksirei ni safi lakini kidonda kinatoa usaha. Skani inawaka lakini daktari anasema si maambukizi. Basi tumeyaweka pamoja. Kabla hujaendelea, shika jambo hili: mashine hizi hazimwoni bakteria, wala haziioni kinga ya mwili inapomgeuka mwenyewe. Zinaona kile ambacho mwili unafanya kujibu: maji yaliyojaa kwenye tishu, mishipa midogo iliyotanuka, seli nyeupe zilizokusanyika, sukari inayoliwa kwa pupa, mfupa unaobomoka au kujengwa upya. Wataalamu huiita hali hiyo inflamesheni, nasi tutaiita hivyo. Kila dalili kati ya hizo ina wakati wake wa kuanza na wakati wake wa kuisha, na picha nyingi zinazolaumiwa kuwa zimekosea zilipigwa tu katika wakati usio wake.

Baba ana kisukari, na ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu kwa mwezi na nusu. Eksirei imetoka safi, lakini daktari anasema mfupa huenda umeambukizwa na anataka MRI (picha ya sumaku). Kama eksirei ni safi, ya nini kuendelea?

Kwa sababu eksirei huona madini ya mfupa tu, na haioni kitu mpaka sehemu kubwa ya madini hayo iwe imeondoka, kwa makadirio ya kawaida asilimia 30 hadi 50 mahali palipougua. Hilo huchukua siku 10 hadi 21. Kidonda cha baba kina mwezi na nusu, lakini maambukizi hayakuingia mfupani siku kidonda kilipofunguka; huenda yameingia wiki iliyopita. Eksirei safi leo inasema tu kwamba hadi wiki mbili tatu zilizopita mfupa haukuwa umeliwa sana.

Kuna kipimo cha kitandani ambacho kwa maoni yetu hakitumiki vya kutosha. Daktari huingiza kijiti cha chuma butu, kilichotakaswa, ndani ya kidonda taratibu. Kikigonga kitu kigumu chenye mkwaruzo, amegusa mfupa, na kwa kidonda kilichokwisha kuonyesha dalili za maambukizi, hapo shaka inakuwa kubwa. Kipimo cha damu cha ESR (kasi ya chembe nyekundu kuzama, ambayo hupanda penye inflamesheni) kikizidi milimita 70 kwa saa, shaka inaongezeka tena. Njia moja halali kwa mgonjwa asiye na hali mbaya ni kurudia eksirei baada ya wiki 2 hadi 3 na kuweka picha mbili sambamba. Ukingo mweupe wa mfupa uliokuwepo mwanzo na sasa umefifia ni ushahidi mzito kuliko picha moja yoyote.

MRI huwahi kwa sababu inaangalia uboho. Msomaji wa picha anapaswa kutazama aina mbili za picha kwa pamoja. Katika picha ya T1 uboho wenye mafuta hung'aa. Ukiwa umegeuka mweusi kwa mapana, mfululizo bila mapengo, na katika picha ya STIR, inayofuta mafuta na kuangaza maji, sehemu ileile inang'aa, huo ndio mfupa ulioambukizwa. STIR ikiwaka lakini T1 ikabaki karibu na kawaida, mara nyingi ni mfupa unaoitikia tu shida ya jirani yake. Makosa mengi hutokea hapo: mtu anaona STIR inawaka, anaandika maambukizi, na kidole kinakatwa.

Mtego mwingine kwa mwenye kisukari ni ugonjwa wa Charcot, ambapo mishipa ya fahamu imekufa ganzi na viungo vya mguu vinavunjikavunjika bila maumivu. Nao huwaka vilevile. Tofautisha kwa mahali: Charcot hupenda katikati ya wayo, hushika mifupa kadhaa, na ngozi inaweza kuwa nzima. Maambukizi huanzia palipo na kidonda, yaani vidole, vichwa vya mifupa ya wayo, au kisigino. Kidonda cha baba kiko chini ya gumba. Mpelekeni MRI.

Nimewekewa goti bandia miezi minane iliyopita na bado linauma. Skani ya mifupa imeonyesha linawaka pande zote. Nimeambiwa limeambukizwa na lazima litolewe. Ni kweli?

Kwa skani hiyo peke yake, hapana. Skani ya mifupa hutumia teknishiamu-99m (kitu chenye mionzi) iliyofungwa kwenye dawa inayokimbilia mfupa unaojengwa. Baada ya kuwekewa goti bandia, mfupa unaolizunguka huendelea kujijenga na kuwaka hata kwa miaka miwili, na nyonga kwa mwaka mmoja hivi, bila kijidudu chochote. Uzuri wa skani hii uko upande wa pili: ikitoka safi kabisa, maambukizi yanakuwa mbali. Ikiwaka mwezi wa nane, haijasema kitu.

Hatua inayofuata kwa kawaida ni damu (ESR tuliyoitaja, na CRP, protini inayopanda penye inflamesheni), kisha kuvuta maji ya goti kwa sindano yahesabiwe seli na kuoteshwa maabara. Kama hali yako inaruhusu, antibiotiki husimamishwa walau wiki 2 kabla ya kuvuta maji, la sivyo maabara huotesha hewa. Usizisimamishe mwenyewe, mwulize daktari wako.

Shaka ikibaki, iko skani ya seli nyeupe. Tunaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayoharibika kirahisi kuliko zote. Huvutwa damu mililita 40 hadi 50 kwa sindano nene, kwani sindano nyembamba huzikwaruza seli, ikachanganywa na dawa ya kuzuia kuganda. Damu huachwa itulie dakika 30 hadi 60 ili chembe nyekundu zizame. Sehemu ya juu huzungushwa polepole kwenye mashinepewa (mashine inayozungusha chupa ili vilivyomo vitengane), seli nyeupe zikatengwa, zikachanganywa na teknishiamu iliyo kwenye HMPAO (dawa inayoipenyeza ndani ya seli) kwa dakika kama 10, zikasafishwa na kurudishwa mwilini mwa mtu yuleyule. Kazi yote huchukua saa 2 hadi 3. Jina kwenye chupa hukaguliwa kila hatua, maana kumrudishia mtu damu ya mwingine ni ajali kubwa kuliko ugonjwa unaotafutwa.

Kisha picha tatu: saa ya kwanza, saa ya 3 hadi 4, na saa ya 20 hadi 24. Anayeruka picha ya siku ya pili ameitupa nusu ya kipimo. Kwenye maambukizi, seli nyeupe huendelea kuwasili, hivyo doa hukua au kukolea kati ya picha ya pili na ya tatu. Kwenye inflamesheni isiyo ya vijidudu, na kwenye uboho wa kawaida, doa hubaki lilivyo au hufifia.

Lakini teknishiamu nayo hupungua nusu kila saa 6, kwa hiyo kila kitu kitaonekana kimefifia kesho yake. Dawa yake ni kurefusha muda wa kupiga kulingana na upungufu huo. Ukipiga sekunde 100 saa ya kwanza, piga sekunde 141 saa ya nne na karibu sekunde 900 saa ya ishirini, kisha zionyeshe zote kwa kipimo kimoja cha mwanga. Mtu akiongeza mwanga wa picha ya mwisho kwa jicho ili ipendeze, doa litakua kwenye skrini wakati gotini halikukua. Pia tazama mapafu na wengu kabla ya goti. Mapafu yakiwa bado yanang'aa baada ya saa moja, au ini likiushinda wengu, seli ziliumizwa maabara na jibu halifai kusomwa.

Katika goti bandia uboho unaweza kuhamishwa na upasuaji ukakusanyika mahali pasipo kawaida, nao huvuta seli nyeupe. Ndiyo maana wengine huongeza skani ya uboho kwa koloidi (dawa ya chembechembe ndogo zinazonaswa na uboho), siku mbili au zaidi baadaye. Seli nyeupe zipo na koloidi haipo: maambukizi. Vyote viwili vipo mahali pamoja: ni uboho tu.

Mama ana miaka 72. Wiki hii ameanza kuumwa kichwa upande wa panja, ngozi ya kichwa inauma akichana nywele, na taya linachoka akitafuna. Daktari amempa prednisoloni (dawa ya steroidi) leo hii na kuagiza altrasaundi kesho. Je, dawa haitaharibu kipimo?

Ampe leo hii. Dalili hizo ni za inflamesheni ya ateri kubwa za kichwa kwa mtu aliyepita miaka 50, na hatari yake ni upofu usiorudi. Kipimo kinamfuata mgonjwa. Dawa haisubiri kipimo. Akianza kuona ukungu, giza la ghafla la jicho moja au vitu viwiliviwili, nendeni dharura saa hiyohiyo.

Steroidi hufuta dalili kweli, ila si kwa usiku mmoja. Altrasaundi na PET (skani ya sukari yenye mionzi, tunaieleza hapa chini) zikifanyika ndani ya saa 72 tangu dozi ya kwanza, bado zinaaminika. Baada ya hapo ateri ya panja huanza kurudi katika hali yake, na PET hupoteza makali haraka. Mtaalamu atatafuta duara jeusi kuzunguka njia ya damu, yaani ukuta uliovimba. Atabonyeza ateri mpaka damu isipite: ukuta wa kawaida hupotea machoni, uliovimba hubaki. Ombeni apime na ateri za kwapani pande zote mbili. Huko uvimbe hudumu miezi, na mgonjwa ambaye panja lake limeshatulia anaweza kukutwa na ushahidi kwapani.

Nina homa ya zaidi ya wiki tano isiyojulikana chanzo. Naandaliwa skani ya PET. Mwenzangu aliambiwa asile kwa saa sita tu, mimi nimepewa masharti ya siku nzima: nyama, mayai na mafuta, bila mkate wala tunda. Kwa nini tofauti?

Kwa sababu kwako wanatafuta pia moyoni. PET hutumia FDG, sukari bandia yenye florini-18, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110. Seli nyeupe zilizoamka hula sukari kwa fujo, hivyo hunasa FDG na kung'aa. Tatizo ni kwamba ubongo nao hung'aa siku zote, figo na kibofu hung'aa kwa mkojo, na misuli ya moyo hula sukari au mafuta kutegemea ulichokula. Moyo ukila sukari unawaka wote, na huwezi kuona valvu iliyoambukizwa wala sarkoidosisi (ugonjwa wa vinundu vya inflamesheni) iliyojificha kwenye msuli.

Basi moyo hulazimishwa kula mafuta. Utaratibu unaotumika sana ni milo isiyopungua miwili siku ya kabla, kila mmoja ukiwa na mafuta zaidi ya gramu 35 na wanga chini ya gramu 3, kisha kukaa bila kula usiku kucha, saa 12 au zaidi. Maji matupu ni ruksa na ni mazuri. Wanaoshindwa hawashindwi na chakula kikubwa. Wanaangushwa na vidogo: pipi ya kikohozi, dawa ya maji yenye sukari, bazoka, maziwa kidogo kwenye chai, au dripu ya deksitrozi iliyowekwa wodini na mtu asiyejua. Andika kila ulichotia mdomoni, uwape karatasi hiyo. Ukikosea, sema. Kuahirisha siku moja ni afadhali kuliko picha ambayo moyo mzima umewaka na hakuna anayejua una maana gani.

Usifanye mazoezi siku hiyo ya kabla, maana misuli iliyochoka huvuta sukari. Vaa nguo za kukutia joto, kwa sababu mwili wenye baridi huwasha mafuta ya shingoni na kuchanganya picha. Baada ya sindano utalala kimya dakika 60 kabla ya kuingia mashineni. Ukiongea sana, misuli ya koo itang'aa. Kama unatumia metformini (dawa ya kisukari), utumbo utawaka wote, na vituo vingi huisimamisha saa 48 kabla kwa idhini ya daktari. Insulini ya haraka ikichomwa karibu na sindano ya FDG huisukuma dawa yote misulini, kwa hiyo huachwa nafasi ya walau saa 4.

Kuhusu homa yenyewe: tangu maelezo ya madaktari Petersdorf na Beeson ya mwaka 1961, homa isiyojulikana chanzo ni ile inayopita nyuzi 38.3 kwa zaidi ya wiki tatu na uchunguzi wa awali usipate kitu. PET husaidia zaidi CRP au ESR ikiwa juu. Hata ikitoka safi haijapotea bure, kwani wagonjwa wengi wa namna hiyo homa yao hutulia yenyewe, na daktari anapata sababu ya kungoja badala ya kukutoboa huku na kule. Kitu kimoja zaidi: kama umeshaanzishiwa steroidi kwa kubahatisha, waambie ni lini na miligramu ngapi. Picha safi ya mtu aliye kwenye steroidi ni safi ya mashaka.

Nina miaka 29, nakimbia mbio ndefu. Mgongo wa chini unauma miezi minne. MRI imeandika "maji kwenye uboho" wa kiungo cha sakroiliaki (panapoungana uti wa mgongo na nyonga) cha kulia. Mtandaoni nasoma kwamba uti wangu utagandamana. Nifanye nini?

Funga mtandao kwanza. Maji kwenye uboho wa kiungo hicho hupatikana kwa wakimbiaji wenye afya, kwa askari wapya wakiwa mafunzoni na kwa wanawake waliojifungua karibuni. Ni alama ya kiungo kilichobebeshwa mzigo, na pia ni alama ya spondiloathritisi, ugonjwa wa kinga kujishambulia unaoshika uti. Picha peke yake haiwezi kuamua ni ipi.

Kinachopima mizani ni haya. Maumivu ya ugonjwa huanza kabla ya miaka 45, hudumu miezi mitatu na zaidi, hukuamsha nusu ya pili ya usiku, huleta ukakamavu wa asubuhi, na hupungua ukifanya mazoezi. Maumivu ya mkimbiaji hupungua akipumzika. Jiulize kama una jicho jekundu la mara kwa mara, soriasisi (ugonjwa wa ngozi wenye magamba), kuhara kwa muda mrefu, ndugu mwenye ugonjwa huo, au HLA-B27 (alama ya kurithi inayoambatana na ugonjwa huo) kwenye damu. Kwenye picha, madoa makubwa yanayoingia ndani ya mfupa zaidi ya sentimita moja, na hasa mmomonyoko wa ukingo wa kiungo unaoonekana kwenye T1, yana uzito kuliko doa dogo moja. Kama walipiga STIR bila T1, kipimo ni nusu. Dawa ya kukolezea picha haikuhitajika kwa swali hili, kwa hiyo usisikitike kama hawakukupa.

Pumzika kukimbia kwa wiki kadhaa, ukamwone daktari wa viungo ukiwa na picha zenyewe, si karatasi ya majibu tu.

Mimi ni mwanafunzi, najifunza altrasaundi ya viungo. Mgonjwa wa baridi yabisi ana vifundo vya vidole vilivyovimba wazi, lakini Doppla yangu (kipimo cha damu inayotiririka) haionyeshi mtiririko wowote. Mashine mbovu?

Aghalabu ni mkono wako. Mishipa ya utando wa kiungo kilichowaka ni midogo na laini, na ukibonyeza proba (kifaa kinachowekwa juu ya ngozi) unaifunga. Mimina jeli nyingi mpaka uone tabaka jeusi la jeli kati ya proba na ngozi. Kama tabaka hilo halipo kwenye picha, unabonyeza. Egemeza kidole chako kidogo mezani ili mkono usilemee.

Pili, mkao. Mkono ulale juu ya meza, vidole vimelegea. Kifundo kilichokunjwa au kunyooshwa kwa nguvu hukaza utando na kuifukuza damu. Mgonjwa aliyetoka kwenye baridi apashe mikono joto kwanza.

Tatu, mipangilio. Proba ya masafa ya juu, megahezi 12 hadi 18. PRF (idadi ya mapigo ya sauti yanayotumwa kwa sekunde) ishushwe hadi karibu kilohezi 0.5 hadi 1, na kichujio cha ukuta kiwekwe chini kabisa. Mipangilio iliyoachwa na mtu aliyepima shingo itakuficha kila kitu. Pandisha geini (ukuzaji wa ishara) ya rangi mpaka vumbi la rangi litokee ndani ya mfupa, ambako damu haiwezi kuonekana, kisha irudishe polepole mpaka vumbi liishe. Kisanduku cha rangi kifike hadi juu ya picha, ili mshipa wa juu unaorudisha mwangwi wa uongo chini yake utambulike. Usikipanue pembeni bila sababu, kwa maana mashine hupunguza kasi ya picha.

Ukishafanya yote hayo na bado hakuna rangi, tazama rangi ya kijivu: utando mnene usio na mtiririko unaweza kuwa ugonjwa wa zamani uliotulia. Mwulize mgonjwa pia kama alimeza dawa ya maumivu au steroidi kabla ya kuja. Andika kwenye ripoti. Alama 0 hadi 3 za wingi wa mtiririko bila kutaja dawa alizomeza ni namba isiyo na mwenyewe.

MRI ya uti wa mgongo inaweza kusema hii ni TB na siyo bakteria wengine?

Inaweza kuelekeza, haiwezi kuapa. TB hupenda kuanza mbele ya pingili, ikatambaa chini ya kano la mbele kuruka pingili kadhaa, ikaiacha diski ikiwa karibu nzima kwa muda, na kutengeneza jipu kubwa lenye ukuta mwembamba na laini kando ya uti. Bakteria wa kawaida huila diski mapema, hushika pingili mbili jirani, na jipu lao ni dogo, lenye ukuta mnene. Zipo TB zinazojifanya bakteria na bakteria wanaojifanya TB, kwa hiyo kinyama huchukuliwa kwa sindano ikiongozwa na CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande), sehemu ipelekwe kuoteshwa, sehemu kipimo cha vinasaba, sehemu patholojia. Kosa la kukasirisha ni kinyama chote kutiwa formalini: wadudu wanakufa, hakuna kitakachoota.

Mambo mawili zaidi. Skani ya seli nyeupe usiiombe kwa uti. Maambukizi ya hapo mara nyingi huonekana kama tundu lisilo na rangi, ambalo linaweza kuwa chochote. Na MRI ya wiki chache baada ya kuanza dawa inaweza kuonekana mbaya kuliko ya kwanza huku mgonjwa akiwa ananenepa na maumivu yamepungua. Mwaminini mgonjwa, isipokuwa kama miguu inalegea au mkojo unaziba. Hapo usingoje.

Nimepigwa skani ya tezi ya shingo, wakasema haikuvuta dawa kabisa ingawa homoni zangu ziko juu. Tezi imekufa?

Haijakufa. Katika ugonjwa wa Graves, kinga huichokoza tezi izalishe homoni, nayo hunyonya dawa kwa wingi. Katika inflamesheni ya tezi, seli zimeumia na kumwaga homoni iliyokuwa ghalani. Homoni inapanda, lakini tezi hainyonyi kitu. Hilo ndilo linalofanana na hali yako, na mara nyingi hupita lenyewe baada ya wiki au miezi. Dawa za kufunga uzalishaji hazina kazi hapo.

Ila jibu kwanza: je, ulipigwa CT yenye dawa ya kukolezea picha wiki za karibuni, au unatumia amiodaroni (dawa ya mapigo ya moyo)? Zote zina iodini, na tezi iliyoshiba iodini haivuti hata kama ni ya Graves. Kwa CT subiri walau wiki 4 hadi 6 kabla ya kurudia; athari ya amiodaroni hudumu miezi.

Nanyonyesha mtoto wa miezi mitatu na nimeandikiwa PET. Mionzi ni kiasi gani, na niache kunyonyesha?

FDG ya megabekereli 250 (kipimo cha nguvu ya dawa) humpa mtu mzima karibu millisiveti 5 (kipimo cha mionzi inayopokelewa na mwili), na CT inayoambatana huongeza juu yake kutegemea inavyopigwa. Mlinganishe: eksirei moja ya kifua ni kama millisiveti 0.02, na mionzi ya asili duniani ni wastani wa 2.4 kwa mwaka. MRI na altrasaundi hazina mionzi ya aina hii, kwa hiyo ni haki yako kuuliza kama zinaweza kujibu swali hilohilo.

Maziwa yenyewe hubeba FDG kidogo sana. Kinachotazamwa ni mwili wako, kwa saa chache za mwanzo, mtoto akiwa amekukumbatia kifuani. Mnyonyeshe kabla tu ya kwenda, acha maziwa yaliyokamuliwa mapema, mtu mwingine amlishe zamu inayofuata, na ufuate saa utakazopewa na kituo. Wakibadili mpango na kutaja gali-67 (dawa nyingine yenye mionzi), hesabu ni nyingine kabisa: hiyo hutoka kwenye maziwa kwa zaidi ya wiki tatu, maana yake ni kumwachisha. Sema unanyonyesha kabla hawajaagiza dawa, kwa kuwa ikishafika kituoni saa yake inakuwa imeanza kwenda.